Wiki Tatu Nikiwa Raia wa Thailand: Jinsi Menyu za Kompyuta Zinavyoitikia Kipanya

Wahariri wameniomba niandike jambo la kompyuta ambalo hata asiyesoma uhandisi ataweza kulifuata bila kusinzia. Nimeona nianze na barua.

Barua yenyewe niliipata wiki ya pili baada ya kufika hapa Uingereza. Ni ile barua ya chuo ambayo kila mmoja wetu anaijua, inayothibitisha kwamba fulani ni mwanafunzi, anasoma kozi fulani, anakaa mahali fulani, nawe unaipeleka benki ili ufunguliwe akaunti. Jina langu lilikuwa sawa. Kozi sawa. Anwani sawa. Uraia: Thailand.

Mimi ni mtoto wa Temeke, Thailand sijawahi hata kupita kwa ndege. Nilicheka peke yangu njia nzima hadi benki. Benki hawakucheka. Kijana wa kaunta aliweka pasipoti yangu upande mmoja na barua upande mwingine, akaviangalia kama mtu anayekagua noti bandia, kisha akanirudishia vyote kwa adabu kabisa. Akaunti hakuna. Na pesa za mfadhili zilikuwa haziingii popote ila kwenye akaunti ya hapahapa. Nikarudi chuoni, nikaambiwa marekebisho yana foleni yake. Basi nikaishi wiki tatu kwa hisani ya kaka mmoja wa Mombasa, jirani yangu bwenini, ambaye kila jioni alikuwa akigonga mlango na kuita, "Bwana Thailand, wali tayari!"

Kwenye mikutano ya chama maelezo yalikuwa mengi. "Hawa hata hawajui Tanzania iko wapi." "Kwao sisi wote ni walewale." Dada mmoja wa Kampala akasema angalau mimi nimepewa nchi, wengine huwa wanaandikiwa Afrika tu. Nami sikufichi, ndugu msomaji, niliamini hivyohivyo. Nilimkumbuka yule mama wa dawati la usajili alivyoshika pasipoti yangu, akasoma "Tanzania" kwa sauti, akatabasamu, akabofyabofya. Nikajiuliza alikuwa akiandika nini huku anatabasamu. Nilimchukia kimya kimya kwa muda wa miezi sita.

Kumbe aliandika Tanzania. Kilichobadilisha nitakisema, lakini inabidi kwanza tuelewane jinsi kipanya kinavyozungumza na menyu. (Kipanya ninachosema ni kile cha mezani, si zile Hiace zetu za Dar.)

Kubofya si tendo moja

Sisi watumiaji tunasema "bofya hapa" kana kwamba ni jambo moja. Kompyuta yenyewe haijui kubofya. Inachopokea ni habari mbili mbalimbali: kitufe kimeshuka, kitufe kimepanda. Kati ya hizo mbili inaweza kupita sehemu ndogo ya sekunde au dakika nzima, na mshale unaweza kuwa umebaki palepale au umehamia kwingine kabisa. Juu ya hizo ipo habari ya tatu, inayomiminika muda wote, kwamba mshale sasa uko hapa, sasa uko pale. Na tangu vipanya vipate gurudumu ipo ya nne: gurudumu limezunguka, kwenda juu au kuja chini. Basi, msamiati wa kipanya unaishia hapo. Yaliyobaki, yaani menyu ifunguke lini, ikae kwa muda gani, ijifunge wakati gani na itekeleze amri kwa ishara ipi, ni tafsiri ya yule aliyeandika programu.

Na hao watafsiri hawakukubaliana tangu mwanzo.

Kipanya cha kwanza kilibuniwa miaka ya 1960 na Douglas Engelbart na wenzake huko California. Kilikuwa kijisanduku cha mbao, na watu walikiona hadharani Desemba 1968. Menyu zinazojitokeza juu ya skrini zilikuja miaka ya 1970 katika maabara ya Xerox PARC, hukohuko California. Lakini menyu tunayoifahamu sisi, ile yenye maneno yaliyopangwa mstari huko juu, ukiligusa moja linakunjua orodha chini yake kama mkeka, ilipata umbo lake kwenye kompyuta ya Apple Lisa ya mwaka 1983. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya mhandisi Bill Atkinson. Mwaka uliofuata, Januari 1984, ikatoka Macintosh, na ndiyo iliyoipeleka menyu hiyo kwa watu wa kawaida.

Macintosh ile ilikuwa na kipanya cha kitufe kimoja. Unabonyeza neno lililoko juu, na huachii. Orodha inashuka na inabaki chini muda wote ambao kidole chako kimekandamiza. Unateremsha mshale huku umekandamiza vilevile, kila kipengele unachokipita kinageuka rangi, na ukifika kwenye unachokitaka ndipo unaachia. Kinapepesa kidogo kukuambia kwamba umesikika, kazi inafanyika, orodha inatoweka. Ukiachia nje ya orodha hakuna kilichotokea. Ni kama mlango wenye springi: umeushika, uko wazi, umeuachia, umejifunga.

Utaratibu huo una hekima ndani yake. Amri haitolewi wakati wa kubonyeza, inatolewa wakati wa kuachia, kwa hiyo muda wote ambao kidole kiko chini una nafasi ya kughairi. Ubaya wake ni kuchosha mkono. Mzee mwenye baridi yabisi, au mtu ambaye vidole vinamtetemeka, kumwambia ashikilie kitufe huku anavuta mshale kwenye mstari ulionyooka ni kumtesa. Hata sisi vijana, jaribu kufanya hivyo kwenye padi ya kugusa ya kompyuta mpakato, ndani ya basi, uone.

Windows ikazoesha watu njia nyingine. Aliyewahi kutumia Windows 3.1 ya mwaka 1992 atakumbuka: unabofya neno na kuachia, orodha inabaki wazi inakusubiri, unakwenda kwa nafasi yako, unabofya mara ya pili kwenye kipengele. Ilipokuja Windows 95 ikaongezwa kwamba orodha ikishakuwa wazi, ile rangi ya kuonyesha umefika wapi inaufuata mshale yenyewe, bila kidole kukandamiza chochote. Apple nao wakaipokea desturi ya menyu kubaki wazi mwaka 1997, katika Mac OS 8. Leo mifumo mikubwa yote inakubali njia zote mbili. Kama una kompyuta mbele yako, jaribu sasa hivi kwenye programu yenye menyu za juu: bofya uachie, kisha bofya tena. Halafu funga, ubonyeze bila kuachia, uburute hadi kwenye kipengele, uachie. Zote zitafanya kazi.

Swali zuri hapa ni hili: mashine inajuaje umekusudia njia ipi? Jibu ni kwamba mwanzoni haijui, na wala haihangaiki kujua. Kitufe kikishuka tu juu ya neno, orodha inafunguka papo hapo. Kisha inasubiri utakapoachia. Ukiachia palepale juu ya lile neno, inaelewa wewe ni mtu wa kubofya mara mbilimbili, inabaki wazi. Ukiachia juu ya kipengele, inaelewa wewe ni mtu wa kuburuta, inatekeleza. Ukiachia pembeni kabisa, umeghairi. Programu nyingine hupima pia muda au umbali, ili mkono uliotikisika kidogo usihesabiwe kuwa umeburuta.

Kwa hiyo weka akilini kanuni hii: neno la juu hufungua kwa kubonyeza, kipengele hutekeleza kwa kuachia. Vitufe vya kawaida navyo ni hivyohivyo. Ukibonyeza kitufe cha "Tuma" halafu moyo ukakuruka, usiachie. Sogeza mshale nje ya kitufe ndipo uachie, na hakitatumwa kitu. Mimi hilo nimelijua nikiwa na shahada tayari, na sikufundishwa darasani. Mwaka 2018 shirika la W3C, linalotunga viwango vya intaneti, liliingiza jambo hilohilo katika kanuni zake za kuwasaidia watumiaji wenye ulemavu: kwa kawaida kazi isifanyike kwenye ile nusu ya kushuka, mtu aachiwe nafasi ya kujirudi.

Kitufe cha kulia

Ugomvi upo kwenye menyu ya kitufe cha kulia, ile inayojitokeza palepale ulipo mshale. Windows husubiri uachie ndipo iionyeshe. Mac na programu nyingi za Linux huionyesha mara kitufe kinaposhuka. Utasema tofauti hiyo ni ya sehemu ya sekunde, ina nini? Ina jambo. Kama menyu imetokea wakati kidole bado kiko chini, na mkono wako ukateleza kidogo tu, mshale unakuwa umeingia juu ya kipengele cha kwanza. Unaachia, kwa nia ya kumalizia bofyo lako la kawaida, na mashine inasema ahaa, umechagua. Menyu imetokea na kupotea kabla hujaisoma. Kwenye Linux nimewahi kupoteza fomu nzima ya maombi namna hiyo, kwa sababu kipengele cha kwanza kilikuwa kile cha kurudi ukurasa wa nyuma. Nilidhani kompyuta imepata kirusi. Waandishi makini huweka kinga: wanasogeza menyu mbali kidogo na mshale, au wanapuuza kuachia kulikokuja haraka mno. Wengine hawaweki.

Zamani tofauti zilikuwa kubwa kuliko hizi. Kwenye Atari ST ya mwaka 1985 hukuhitaji hata kubonyeza, mshale ukigusa tu mstari wa juu orodha inaanguka yenyewe. Kwenye Amiga ya mwaka huohuo mstari wa menyu ulikuwa umefichwa kabisa, hadi ushikilie kitufe cha kulia. Hapa Uingereza mashuleni zilitumika sana kompyuta za Acorn Archimedes, zilizotoka mwaka 1987, na kipanya chake kilikuwa na vitufe vitatu ambavyo cha katikati kazi yake ilikuwa moja tu, kuleta menyu. Ukichagua kipengele kwa kitufe cha kulia, menyu haifungwi, inakaa uchague kingine. Mwalimu wangu mmoja wa hapa alisomea kwenye hizo, na mpaka leo analalamika kwamba dunia ilikataa kitu kizuri. Mimi kwa hilo la menyu kutofungwa naungana naye.

Menyu iliyo ndani ya menyu

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda. Chukua orodha yenye kipengele ambacho kina orodha nyingine ubavuni. Umefika kwenye kipengele, orodha ndogo imefunguka upande wa kulia, na unachokitaka kiko chini kabisa ya hiyo orodha ndogo. Mkono wa binadamu hauendi kulia kwanza halafu chini kama reli. Unakata kona. Lakini ukikata kona mshale unapita juu ya kipengele kinachofuata cha orodha ile kubwa, na kipengele hicho nacho kina haki yake ya kugeuka rangi na kufungua ya kwake. Orodha ndogo uliyokuwa unaikimbilia inafungwa usoni pako.

Windows imelitatua hilo kwa subira. Mshale ukihamia kipengele kingine, mashine inangoja kidogo kabla ya kubadilisha orodha ndogo. Muda huo kwa kawaida umewekwa kuwa milisekunde 400, yaani chini ya nusu sekunde. Ukipita haraka, hukuonekana. Ni dawa rahisi, ila ina gharama, maana kila mtu analipa ule muda hata asiyekata kona. Na mwenye mkono mzito, anayechukua sekunde nzima kufika, haimsaidii.

Apple walitumia jiometri. Orodha ndogo ikishafunguka, mashine inachora akilini mwake pembe inayoanzia kwenye mshale na kupanuka kuelekea kwenye hiyo orodha. Maadamu mshale unasogea ndani ya pembe hiyo, inachukuliwa kwamba uko safarini, na vipengele unavyovipita njiani vinanyamaza. Ukitoka nje ya pembe, umebadili nia, orodha inabadilika mara moja. Mbinu hiyo imeelezwa na Bruce Tognazzini, aliyefanya kazi Apple miaka mingi. Kwa mhandisi hilo ni jambo la kupendeza, kwa sababu halimlazimishi mtu awe na mkono ulionyooka. Linausoma mkono kama ulivyo.

Huyo Tognazzini ndiye pia aliyeshikilia sana kwamba mstari wa menyu ukae kwenye ukingo kabisa wa skrini, kama ulivyo kwenye Mac. Hoja inatokana na kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954, kwamba muda wa kufikia shabaha unategemea umbali wake na ukubwa wake. Ukingo wa skrini unauzuia mshale. Hata ukisukuma kipanya kwa nguvu zote hauvuki, kwa hiyo neno lililoko ukingoni ni kama lina urefu usiokwisha kwenda juu. Menyu iliyo ndani ya dirisha, kama ya Windows, inakutaka ufunge breki. Windows 95 ilikuwa na kichekesho chake hapo: kitufe cha Start kilikuwa pembeni kabisa chini, lakini si pembeni kabisa kabisa, kulikuwa na kijiukingo chembamba kilichokufa. Ukitupa mshale kwenye kona na kubofya, kimya. Matoleo ya baadaye yalirekebisha.

Gurudumu

Sasa turudi kwa Bwana Thailand.

Ilipofika Machi nilipata kazi ya saa chache kwa wiki katika ofisi moja ya kumbukumbu hapa chuoni, kuingiza taarifa za wanafunzi kwenye programu ileile inayotumika dawati la usajili. Ni programu ya Windows ya kizamani kidogo, fomu moja ndefu ambayo lazima uiteremshe ili ufike chini. Katikati yake kuna kisanduku cha uraia. Unabofya kishale chake, inakunjuka orodha ya nchi zote kwa alfabeti za Kiingereza, unachagua, inajifunga, jina linabaki limeandikwa kwenye kisanduku.

Siku ya pili au ya tatu nilikuwa na mwanafunzi wa Uganda. Nikachagua Uganda. Nikazungusha gurudumu ili niteremke chini ya fomu. Fomu haikusogea. Nikazungusha tena kidogo, haikusogea. Nikadhani gurudumu ni bovu, nikataka kuita fundi, na ndipo macho yakaangukia kwenye kisanduku. Kilikuwa kimeandika Ukraine, na mbele ya macho yangu kikageuka kuwa Falme za Kiarabu.

Nilikaa pale sijui kwa dakika ngapi. Nikachagua Tanzania. Nikagusa gurudumu, kidogo tu. Thailand.

Maelezo yake ni haya. Katika dirisha lolote kuna sehemu moja ambayo ndiyo yenye zamu ya kusikiliza, ile uliyoibofya mwisho. Ukipiga herufi kwenye kibodi zinakwenda huko. Windows kwa miaka mingi ilipeleka habari za gurudumu hukohuko pia, kwa mwenye zamu, si kwa kitu kilicho chini ya mshale. Ukishachagua nchi orodha inajifunga, lakini zamu haiondoki, inabaki kwenye kisanduku. Na kisanduku cha namna hiyo kimeagizwa kwamba gurudumu likizunguka kikiwa kimefungwa, kipige hatua kwenda kipengele kinachofuata, sawasawa na kubonyeza mshale wa chini wa kibodi. Aliyelibuni alitaka kukurahisishia, upitie machaguo bila kufungua orodha. Hakuna mlio. Hakuna swali la "una uhakika?". Hata orodha yenyewe haionekani, ni neno moja tu linalobadilika katika kisanduku ambacho macho yako yameshakiacha, kwa sababu wewe kwa akili yako umeshamaliza nacho.

Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilileta mpangilio wa kupeleka gurudumu kwa kitu kilicho chini ya mshale. Tatizo limepungua, lakini halijaisha: mtu akishachagua, mshale wake mara nyingi bado umekaa juu ya kisanduku kilekile. Programu nyingi za Linux ndizo za kuangaliwa zaidi, maana humo kisanduku hakingoji hata zamu. Ukiwa unateremka ukurasa wa mipangilio na mshale ukakutana nacho njiani, kinageuka. Kwenye Mac, visanduku vyake vya asili haviguswi na gurudumu vikiwa vimefungwa, na hata ukibonyeza mshale wa kibodi kinachotokea ni orodha kufunguka ili uione. Nikiulizwa nani ana haki, nasema Mac, na mimi si mtu wa Mac, sina hela hizo.

Na msidhani ni mambo ya uraia peke yake. Katika programu yangu ya kukokotoa uimara wa mitambo kuna kisanduku cha aina ya malighafi. Niliwahi kuacha kompyuta ikikokotoa wikiendi nzima, Jumatatu nikakuta boriti imepinda kupita kiasi. Chuma changu cha pua kilikuwa kimeteleza hatua moja na kuwa aloi nyingine kabisa. Hayo yalikuwa ya kurudia tu. Ningekuwa nimeyaingiza kwenye tasnifu yangekuwa mengine.

Nilimwambia msimamizi wa ofisi. Kwanza hakuamini, nikamwonyesha, akajaribu mwenyewe mara tano kama mtoto aliyepewa filimbi. Akaniagiza nilinganishe kumbukumbu za mwaka ule na nakala za pasipoti. Tulimkuta Mkenya aliyekuwa raia wa Kiribati, visiwa vya huko Pasifiki. Tulimkuta Mcomoro aliyehamishiwa Congo. Na nikamkuta Mjerumani, mwanafunzi wa uzamili, jina la Kijerumani tupu, uraia: Ghana. Maana kwa alfabeti za Kiingereza Germany na Ghana ni majirani wa mlango kwa mlango. Niliitazama hiyo ya Mjerumani kwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Miezi sita nilikuwa na maelezo kamili ya jinsi nilivyogeuzwa Mthai, na katika maelezo hayo hapakuwa na nafasi ya Mjerumani aliyegeuzwa Mghana.

Kwa wanaojiandikisha mwaka huu, na kwa sisi sote tunaojaza fomu za viza, za bima na za kodi, mambo machache ya mkononi. Ukishachagua kwenye kisanduku chochote, bonyeza Tab, au bofya mahali patupu, kabla ya kugusa gurudumu. Zamu ihame, na mshale uuondoe juu yake. Lakini Tab inaweza kukupeleka kwenye kisanduku kingine cha orodha, kwa hiyo angalia umetua wapi. Ukizungusha gurudumu na ukurasa ukakataa kusogea, usizungushe tena, tazama juu kwanza, kuna kitu kimebadilika. Badala ya kushuka kwenye orodha ndefu, ifungue kisha chapa herufi za mwanzo haraka haraka, t-a-n, inaruka yenyewe hadi kwetu. Ukichapa T peke yake itakupeleka Taiwan au Tajikistan. Ukikosea njiani bonyeza Esc, orodha ijifunge bila kuchagua kitu. Na karatasi yoyote utakayopewa, isome palepale mbele ya dawati, hata kama foleni nyuma yako inaguna.

Mafundi wa chuo wameahidi kukizuia kile kisanduku kisisikilize gurudumu. Ahadi bado ni ahadi. Lakini yule mama wa dawati nilikwenda kumwona, nikamwonyesha, akaweka mkono mdomoni. Aliniuliza ni wangapi, nikamwambia. Akauliza kama benki walinisumbua, nikamwambia kidogo. Wakati wa usajili uliofuata nilipita pale kumsindikiza kijana mgeni kutoka Bujumbura. Nikamwona anachagua nchi, anabonyeza Tab, kisha anaigeuza skrini yake nzima kumwelekea yule kijana na kumwomba asome mwenyewe, kwa sauti, kilichoandikwa.